Kaka alimaliza soda yetu, akarudi kilabuni

JUMAPILI moja mwaka wa 2016 tulikutana watu 11 sebuleni mwa kaka yangu, Mai Mahiu. Walikuwapo wazee wawili, mchungaji, dada zetu, na shemeji, mkewe kaka, ambaye ndiye aliyetuita. Jambo lilikuwa moja tu: ulevi wa kaka.

Kila mmoja alisema lake. Mzee mmoja alimkumbusha marehemu baba. Dada alilia. Mimi, kwa vile nimesomea uandishi, nilipewa kazi ya kusoma hesabu ya karo ambayo haijalipwa. Kaka alisikiliza kwa adabu, akamaliza soda yake, akasema anatoka kidogo kujisaidia. Alirejea nyumbani Jumatano.

Huenda nawe msomaji umewahi kuketi katika kikao cha aina hii.

Kaka ni dereva wa malori, na anayeijua Mai Mahiu ajua maana yake. Ni mji ulio chini ya mteremko, mbele kidogo ya lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Waitaliano mwaka wa 1942, pale barabara ya Narok inapoachana na ile ya Naivasha. Malori husimama, madereva hula, na baada ya chakula huwa kuna kingine. Aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ndiye aliyeasisi sheria ya pombe ya 2010 iliyobana saa za baa. Lakini mlango wa mama muuza chang'aa haujui saa.

Kumbe kikao chetu kina ndugu zake ng'ambo. Kasisi mmoja wa Marekani, Vernon Johnson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba si lazima kungoja mlevi apoteze kila kitu ndipo asaidiwe. Jamaa wakutane naye, wamweleze kwa upendo mambo waliyoyaona kwa macho yao, na siku hiyo hiyo kitanda cha hospitali kiwe tayari. Wajiandae kwanza na mshauri. Sisi hatukuwa na mshauri wala kitanda. Tulikuwa na hasira na kreti ya soda.

Hata walioandaliwa vyema hushindwa. Mwaka wa 1999 watafiti wa New Mexico, William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan, walichapisha matokeo ya watu 130 waliokuwa na mlevi aliyekataa matibabu. Waliofunzwa kikao cha Johnson walifaulu kumfikisha mlevi kwenye matibabu mara 30 kwa kila 100, na wengi wao hawakuthubutu hata kukiitisha hicho kikao. Walioelekezwa njia ya Al-Anon walifaulu mara 13, ingawa ni haki kusema kwamba lengo la Al-Anon ni kumtuliza jamaa mwenyewe, si kumpeleka mlevi hospitalini. Waliofunzwa njia ya Meyers walifaulu mara 64.

Njia hiyo haina kikao. Anayefunzwa ni yule anayeishi na mlevi, na shemeji aliipata kwa mshauri mmoja wa hospitali bila kujua ina jina.

Kwanza aliacha kumfunikia. Zamani kaka akishindwa kuamka, shemeji ndiye aliyempigia simu tajiri wake na kusema ana malaria. Malaria ya kila Jumatatu! Akitapika, shemeji alifua kabla watoto hawajaona. Sasa aliacha simu ilie na shuka zibaki zilivyo. Kaka akirudi amelewa, hapakuwa na ugomvi wala chakula cha kupashwa moto usiku wa manane. Shemeji alikwenda kulala na watoto. Akirudi mkavu, chai ilikuwa mezani, na mazungumzo yalikuwa ya mambo mengine kabisa. Dada zangu walisema shemeji amemchoka mumewe. Mimi pia nilidhani hivyo, nakiri.

Matibabu hayakutajwa miezi minne, hadi asubuhi moja kaka alipokosa safari kwa kutetemeka mikono, akasema mwenyewe kwamba mambo yamemshinda. Shemeji hakuhubiri. Alimwambia daktari anaweza kumwona kesho saa tatu, alikuwa ameshauliza.

Lakini tahadhari. Iwapo mlevi hupiga watu, la kwanza ni mahali salama pa mama na watoto, mbinu nyingine baadaye. Aidha, wapo jamaa wanaomfungia mlevi chumbani ili 'akauke'. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatizwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na kifafa katika siku mbili za mwanzo, hata kufa. Daktari humpa dawa za kutuliza kwa siku chache, pamoja na vitamini B1. Mlango wenye kufuli hauna dawa hizo.

Na baada ya hapo? Huko Eldoret, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulifuatilia wagonjwa 75 wa kliniki ya HIV waliokuwa wakinywa. Kundi moja lilipewa mafunzo ya pamoja mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na wakufunzi hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Siku 90 baadaye, 69 kwa kila 100 katika kundi hilo walisema hawanywi, dhidi ya 38 kwa wengine. Asiyejua pa kuanzia aweza kupiga 1192, nambari ya NACADA isiyolipishwa.

Kaka bado ni dereva. Ameteleza mara mbili. Mara ya kwanza shemeji alianza upya, bila kikao. Mara ya pili, mwaka wa 2019, kaka mwenyewe ndiye aliyepiga simu hospitalini. Shemeji alizisikia habari hizo kwa muuguzi.