Joomla na hatari ya SQL: amri inapojificha ndani ya jina

Programu ya kuendeshea tovuti yenye jina lililotokana na Kiswahili ilibainika mwaka 2015, na tena mwaka 2017, kuwa na kasoro iliyowawezesha watu wa nje kuiamuru hifadhidata yake. Kasoro za aina hiyo zimejulikana hadharani tangu mwaka 1998, na hadi leo zinaendelea kuziangusha tovuti kubwa na ndogo.

Mwaka 2005 kundi la waandishi wa programu lilijitenga na mradi uliojulikana kama Mambo. Lilipohitaji jina jipya, lilichagua neno la Kiswahili jumla na kuliandika kwa tahajia ya Kiingereza: Joomla. Programu hiyo hutolewa bure, na humwezesha hata asiyejua kuandika programu kusimamia tovuti ya shule, gazeti, chama au ofisi ya serikali.

Makala, majina ya watumiaji na maneno yao ya siri hayakai katika kurasa zenyewe. Hukaa katika hifadhidata, na programu huwasiliana na hifadhidata hiyo kwa lugha iitwayo SQL. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Karani asiyeuliza

Hifadhidata yaweza kufananishwa na karani wa masijala anayetii kila kilichoandikwa katika fomu. Fomu inasema: "Lete faili la", kisha inaacha nafasi ya jina. Mwananchi mwema huandika Asha. Mjanja huandika: "Asha, kisha lete mafaili ya watu wengine wote". Karani hana njia ya kujua ni wapi maneno ya ofisi yamekoma na ya mgeni yameanza. Hutii yote.

Katika SQL, mpaka kati ya maneno hayo huwekwa kwa alama inayofanana na ritifaa, ile iliyomo katika neno ng'ombe. Alama ya kwanza hufungua jina, na ya pili hulifunga. Mtu aitwaye Ng'ang'a anapojiandikisha katika tovuti iliyoundwa ovyo, ritifaa ya kwanza hulifunga jina lake kabla halijaisha. Herufi zinazofuata huchukuliwa kuwa ni sehemu ya amri, na tovuti hujibu kwa ujumbe wa hitilafu. Kwa Ng'ang'a huo ni usumbufu. Kwa mdukuzi ni ishara kwamba mlango uko wazi, naye baada ya ritifaa huandika amri iliyo kamili.

Mtaalamu wa usalama wa kompyuta Jeff Forristal aliieleza mbinu hii katika jarida la Phrack mwezi Desemba mwaka 1998.

Kuipiga marufuku ritifaa si dawa. Hatua hiyo huwanyima watu majina yao, na bado mahali panapotarajiwa namba, amri yaweza kupita bila ya ritifaa hata moja. Dawa ni kutenganisha mambo mawili: hifadhidata hupewa kwanza amri yenye nafasi tupu, kisha maneno ya mgeni huletwa peke yake, yakiwa ni maneno tu na si amri.

Mwaka 2015 na 2017

Oktoba 22 mwaka 2015, Joomla ilitoa toleo la 3.4.5 kuziba mwanya uliokuwamo tangu toleo la 3.2. Aliyeutumia mwanya huo aliweza kuichota kutoka katika hifadhidata namba ya utambulisho ya msimamizi aliyekuwa amekwisha kuingia katika tovuti. Mwenye namba hiyo hakuhitaji neno la siri. Tovuti ilimpokea kama msimamizi mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka 2017 mwanya mwingine uligunduliwa katika toleo la 3.7.0, lililokuwa halijatimiza mwezi mmoja. Ulikuwa katika kipengele kipya, mahali ambapo programu ilipokea maelezo ya namna ya kupanga orodha. Mshambuliaji hakuhitaji hata kuwa na akaunti. Toleo la 3.7.1 liliuziba.

Saa saba

Onyo kali zaidi lilitoka kwa programu nyingine ya namna hiyo, Drupal. Oktoba 15 mwaka 2014, yapata saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, ilitangazwa kwamba toleo la 7 lina mwanya wa SQL. Jambo la kushangaza ni kwamba mwanya ulikuwa ndani ya sehemu ileile iliyoundwa kuzuia mashambulizi hayo. Maneno ya mgeni yalitenganishwa vizuri na amri, lakini majina ya nafasi zenyewe hayakukaguliwa.

Wiki mbili baadaye, kikosi cha usalama cha Drupal kilisema kwamba kila tovuti ya toleo hilo ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba baada ya tangazo ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Msimamizi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyelala usiku huo bila ya kurekebisha tovuti yake aliamka akiwa amechelewa. Muda ulikwisha saa nane za usiku.

Kikosi hicho kilionya pia kwamba tovuti iliyokutwa imekwisha kuzibwa, ilhali mwenyewe hakuiziba, huenda imezibwa na mvamizi ili wavamizi wengine wasiingie. Kusakinisha toleo jipya huziba mwanya, lakini hakumtoi aliyekwisha kuingia. Wenye tovuti walishauriwa kuzirejesha kutoka katika nakala za kabla ya tarehe hiyo.

Kwa hiyo nakala za akiba hazina budi kuhifadhiwa mbali na seva yenyewe, na matoleo ya usalama husakinishwa siku yanapotolewa. Akaunti ambayo programu huitumia katika hifadhidata nayo hupewa ruhusa zinazohitajika tu. Mtumiaji wa kawaida hana uwezo juu ya hayo, lakini anaweza kutumia neno la siri tofauti kwa kila tovuti, ili masijala moja ikivunjwa, funguo za nyingine zisipatikane humo.