Kijana Anayezirai Mstarini: Je, Tiba ya Oksijeni Yenye Mgandamizo Inamfaa?

Kijana anaposimama mstarini shuleni, akaona giza machoni, akatokwa jasho jembamba na kuanguka, wazazi hushikwa na hofu. Wapo wanaoshauriwa kumtafutia tiba ya oksijeni yenye mgandamizo, tiba ghali na ya mbali. Kabla ya kuuza mifugo au kukopa, ni vyema wananchi waielewe.

Katika tiba hiyo, mgonjwa huingizwa katika chumba kilichofungwa. Hewa ya humo hugandamizwa mara mbili hadi tatu ya kawaida, naye huvuta oksijeni safi, ilhali hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21 tu. Huwasaidia wapiga mbizi walioibuka haraka kutoka kilindini, watu waliovuta sumu ya moshi wa mkaa, na baadhi ya wagonjwa wa kisukari wenye vidonda sugu.

Kushuka kwa shinikizo la damu ni jambo jingine. Mtu anaposimama, damu huelekea miguuni. Mishipa isipojikaza kwa wakati, inayofika kichwani hupungua. Kwa kawaida damu hiyo ina oksijeni ya kutosha. Kinachokosekana ni msukumo wa kuifikisha kwenye ubongo. Ndiyo maana tiba hiyo haijaidhinishwa kwa tatizo hili. Aidha, yaweza kuumiza masikio na, kwa nadra, kuleta degedege.

Hatua ya kwanza ni kwenda zahanati. Kijana hupimwa shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ndani ya dakika 3, namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tatizo limeonekana. Huchunguzwa pia malaria na upungufu wa damu, hasa kwa wasichana wenye hedhi nzito.

Wengi hupata nafuu kwa kunywa maji ya kutosha, kula kabla ya kwenda shule na kuinuka polepole. Anayezirai alazwe chali, miguu iinuliwe. Chumvi isiongezwe bila ushauri wa mtaalamu.

Hata hivyo, kijana akizirai wakati anakimbia, akiwa na maumivu ya kifua, au ikiwa katika ukoo yupo aliyefariki ghafla angali kijana, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda tatizo liko moyoni.