Sauti Imetoka Wapi?

Ndugu mfanyakazi, uko bandarini Bujumbura. Lori linarudi nyuma, mwenzako anapiga kelele: "Ondoka!" Kabla hujageuka umekwisha ruka upande ulio salama. Nani amekuambia lori liko kushoto? Si sikio peke yake. Ni ubongo.

Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ikitoka kushoto, hufika sikio la kushoto kwanza. La kulia huchelewa kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena hufika huko imefifia, maana kichwa kimeikinga. Kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya shingo, zipo chembe hai zinazolinganisha habari za masikio yote mawili, kama karani wa langoni anayeandika nani ametangulia na nani amechelewa.

Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, mimba ikiwa ya miezi sita au saba. Akizaliwa hugeuza kichwa polepole kuifuata sauti. Lakini chembe zake bado ni wanagenzi. Kichwa kinakua, masikio yanazidi kuachana, na hesabu ya mwaka jana haifai tena. Basi ubongo hujifunza upya kwa miaka kadhaa.

Wataalamu walilichunguza jambo hili kwa bundi, ndege tunayemwogopa bure akilia juu ya paa. Bundi mwenye uso mweupe, ambaye yupo hata kwetu Burundi, hukamata panya gizani kwa kusikia tu. Mwaka 1978, huko Marekani, Eric Knudsen na Masakazu Konishi walionyesha kwamba ubongo wake una ramani ya sauti, kila chembe na upande wake. Baadaye Knudsen aliziba sikio moja la bundi wachanga. Walikosea shabaha, lakini baada ya majuma kadhaa ubongo wao ulijirekebisha. Bundi wazima hawakuweza.

Kwa hiyo mtoto anayetoka usaha sikioni mwezi baada ya mwezi asiachwe eti litakauka lenyewe. Apelekwe zahanati mapema, maana hiyo ndiyo miaka ya kujifunza.

Na sisi wazima? Ndani ya kila sikio mna chembe 15,000 hivi zenye vinywele. Kelele ya mashine huzilaza kama majani yaliyokanyagwa, na zikifa hazioti tena. (Za bundi huota. Sisi hatukubahatika.) Hatari huanza kwenye desibeli 85 kwa kazi ya saa 8. Huna chombo cha kupimia? Ikikubidi upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mita moja akusikie, kelele imekwisha pita kiasi.

Tajiri atasema: vaeni vifuniko vya masikio. Ni haki yetu kupewa, na tuvivae. Lakini vifuniko navyo huvuruga ile hesabu ya kushoto na kulia, na aliyevivaa huweza kuukimbilia upande wa lori. Ndiyo maana Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka kwanza kelele ipunguzwe kwenye mashine yenyewe. Vifuniko ni pale hilo lisipotosha. Mkataba huo huo unawapa wafanyakazi na wajumbe wao haki ya kutoa mapendekezo. Mkutano ujao wa karakana, tuanze na ile mashine inayopiga kelele kuliko zote.