Zana za Mkulima wa Kirumi: Ushahidi wa Chuma na wa Maneno

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Waandishi wa Kirumi wangeipinga methali hii, kwani kwao kuteua zana ilikuwa sehemu ya ukulima wenyewe. Makala haya yanafafanua ushahidi wa zana hizo, ule uliofukuliwa ardhini na ule uliohifadhiwa vitabuni, pamoja na pengo ambalo aina zote mbili za ushahidi zinaliacha.

Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka wa 79 Baada ya Kristo, majivu yake yaliufunika mji wa Pompeii na mashamba ya jirani, yakiwemo ya Boscoreale. Humo wanaakiolojia wamefukua majembe, miundu na visu vya kupogolea mizabibu. Nchini Uingereza, iliyokuwa jimbo la dola hiyo, marundo ya vyuma yaliyofukiwa Silchester na Great Chesterford yalitoa zana nyingine, ikiwemo miundu mirefu ya kukatia nyasi.

Hata hivyo, zana hizi aghalabu hupatikana nusu nusu. Mpini ni mti, na mti huoza. Sepetu nyingi za Kirumi zilikuwa za mbao zilizovikwa chuma ukingoni tu. Kinachosalia leo ni ukingo huo. Bustani nazo huacha alama zake. Kuanzia mwaka wa 1961, msomi wa Kimarekani Wilhelmina Jashemski alichunguza bustani za Pompeii kwa kujaza saruji katika matundu yaliyoachwa na mizizi iliyooza, na umbo la mizizi likarejea. Kwa njia hiyo lilidhihirika shamba la mizabibu zaidi ya 2,000 ndani ya mji wenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa maneno. Cato, Varro na Columella waliandika vitabu vya kilimo kwa Kilatini. Columella anaeleza kisu cha mzabibu chenye sehemu sita, kila moja na jina lake: mna ya kukatia kwa kuvuta, ya kulainishia, ya kuchimbia, hata ya kupigia kama shoka. Hapa ndipo tatizo la kiisimu linapozuka. Mwanaakiolojia ana kitu kisicho na jina. Mwanafilolojia ana jina lisilo na kitu. K. D. White, katika kitabu chake cha mwaka 1967, alijaribu kuyaoanisha mawili hayo. Mfasiri wa Kiswahili naye hukumbana na tatizo hilo hilo: *sarculum*, *ligo*, *rastrum* na *bidens* zote zikiitwa jembe, tofauti zake hupotea. Afadhali *rastrum* iitwe jembe la meno, na *bidens* jembe la meno mawili, kama jina lake la Kilatini linavyodokeza.

Lakini msamiati huo unaficha jambo zito zaidi. Varro, katika kitabu cha mwaka wa 37 Kabla ya Kristo, anagawa ala za shamba katika makundi matatu: zisizo na sauti, kama mikokoteni, zenye nusu ya sauti, yaani ng'ombe, na zenye kusema, yaani watumwa. Columella anashauri zana ziwe maradufu ya idadi ya watumwa ili pasiwe na haja ya kuazima kwa jirani, kwa kuwa kazi inayopotea ina gharama kuliko chuma. Mwandishi huyo huyo anaagiza kuwa gereza la watumwa waliofungwa minyororo liwe chini ya ardhi, na madirisha yake yawe juu, mkono usiyafikie.

Kwa hivyo, ala iliyoitwa yenye kusema ndiyo isiyosikika. Jembe lililofukuliwa lina jina la Kilatini na nafasi katika makumbusho. Mikono iliyolishika haina jina. Methali ya wahenga, basi, inapata maana nyingine katika mashamba hayo makubwa: aliyelichagua jembe hakuwa aliyelima.