Nani kamtuma mtoto dukani?

WIKI hii nina dukuduku na sitaki kulala nalo. Linahusu mpwa wangu wa miaka sita, juisi ya boksi, na shilingi 2,000 zilizopotea Makanyagio, hapa hapa Mpanda mjini.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu anapika vitumbua na kuviuza soko la Buzogwe. Shemeji yuko machimboni huko Ibindi, na dhahabu mnaijua: leo unapata, kesho unakopa. Kwa hiyo nyumba ile inakula kwa vitumbua. Jumamosi asubuhi dada kafungua pochi anunue mchele na mafuta, akakuta mtaji umepungua buku mbili. Kusaka huku na huku, dogo kakutwa nyuma ya nyumba na maboksi mawili ya juisi, moja tupu, jingine linaelekea huko huko.

Unajua alikuwa amekaa wapi? Chini ya mwembe! Maembe yamedondoka pembeni yake, mengine yanadonolewa na kuku, na yeye ananyonya kwa mrija boksi lenye picha ya embe.

Kuulizwa nani kamtuma dukani, akajibu bila hata kupepesa macho: "TV imesema ninywe."

Dada akashika fimbo. Nikamzuia. Basi akanigeukia mimi: "Mdogo wangu, TV hilo umelileta wewe humu ndani. Sasa nirudishie mtaji wangu." Nikatoa buku mbili kimya kimya. Ningesema nini? TV kweli niliinunua mimi, ili dogo atulie nyumbani asizurure kwenye vibanda umiza. Kutulia ametulia. Ila sijui kama ndivyo nilivyotaka.

TUMETOKA MBALI

Wengine mtashangaa, lakini Tanzania Bara ilikaa miaka zaidi ya thelathini baada ya uhuru bila televisheni yake. Wenzetu wa Zanzibar waliianza miaka ya mwanzo ya 1970, sisi huku Bara tukabaki na redio. Mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi kama ITV vikaanza Dar es Salaam, na matangazo ya biashara yakaja nayo. Ya taifa yenyewe ilifuata baadaye.

Mpanda tulichelewa zaidi. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitegemea jenereta za mafuta. Mimi nikiwa mdogo, TV tuliichungulia dirishani kwa jirani, na mara nyingi umeme ulikatika mpira ukiwa ndiyo umenoga. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa Desemba 31, 2012, zikaja zama za ving'amuzi. Azam TV ikaingia mwaka 2013. Leo ukipita Nsemulwa, Kawajense au Majengo utaona madishi juu ya mabati, na nyumba nyingine haina hata choo cha maana. Nisichekwe, nasema ninachokiona!

TANGAZO LINATANGULIA MZIGO

Zamani bidhaa ilikuja kwanza. Inapakiwa kwenye treni, inapita Tabora na Kaliua, inashuka stesheni ya Mpanda, mama anaiona dukani, anaishika, anaulizia bei, anaondoka zake. Siku hizi sifa zinafika kabla ya mzigo. Mtoto wa Mpanda analilia biskuti ambazo wenye maduka wenyewe hawajaziona. Ukimwambia hazipo, anakuona mama mbaya.

Wala tusijidai ni watoto peke yao. Sikiliza tunavyoongea. Dawa ya meno ya kampuni yoyote tunaiita kologeti. Nepi za dukani zote ni pampasi. Majina ya kampuni yamegeuka Kiswahili chetu na hakuna aliyetulipa hata senti kwa kuwafanyia matangazo. Ikiwa mtu mzima mwenye ndevu kashikwa hivyo, mtoto wa miaka sita atapona?

DOGO HAKUDANGANYA

Nilipotulia nikagundua kwamba mpwa wangu alisema kweli tupu. Mwaka 2004 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Wataalamu hao walisema watoto wa chini ya miaka minane, kwa kawaida, hawawezi kutambua kwamba tangazo lina nia ya kumshawishi mtu. Mtoto anaona mtu mzima anacheka, anamwambia kitu ni kizuri, naye anaamini kama anavyoamini mama akimwambia moto unaunguza. Sisi tumemfundisha kutii wakubwa. Sasa mkubwa kamwambia anywe juisi, yeye kakosa nini?

Kosa la kuchukua hela analo, na tulimkanya. Ila kuamini si kosa lake.

WENZETU WAMEFANYAJE

Sweden tangu mwaka 1991 imepiga marufuku matangazo ya TV yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12. Jimbo la Quebec kule Kanada lilitangulia, tangu 1980, kwa watoto wa chini ya miaka 13. Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu tu. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yana kanuni ya dunia ya mwaka 1981 inayokataza kuyatangaza kwa wazazi, na Tanzania nayo imejitungia kanuni zake. Maana yake inawezekana. Kama tuliweza kumlinda anayenyonya, anayekwenda chekechea tunamwachaje?

Lakini tuwe wakweli. Matangazo hayo hayo ndiyo yanalipa mishahara ya wanaotusomea taarifa ya habari. Kwa TV hiyo hiyo tumesikia habari za chanjo na vyandarua. Na kuna Ubongo Kids, katuni za Watanzania zilizoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mpwa wangu hesabu ya kujumlisha aliipata humo kabla mwalimu hajamfikia. Kwa hiyo anayesema tuzivunje TV, aanze na ya kwake.

TUFANYE NINI?

Mimi na dada tumejaribu mambo matatu. La kwanza, TV haiwashwi kama hakuna mkubwa sebuleni. La pili, mama amemkalisha dogo akamhesabia vitumbua: ili upate buku mbili za faida, mama anaamka saa kumi alfajiri, anakaa motoni, anatembea na ndoo hadi sokoni. Dogo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na maboksi yangu mawili ndiyo vitumbua vyote hivyo?" Ndiyo hivyo, baba.

La tatu ni mchezo. Likitokea tangazo, wa kwanza kupiga kelele "Wanauza!" ndiye mshindi. Siku ya kwanza alilikosa tangazo la sabuni, akadhani ni tamthiliya. Siku hizi ananishinda mimi.

Juzi nimemkuta na gazeti hili hili, anatafuta picha. Kafika kwenye ukurasa wenye tangazo la simu, kaninyooshea kidole: "Anko, na nyie mnauza!" Nikakosa jibu. Nikamwambia ndiyo, na sisi tunauza, ndiyo maana usome ukiwa macho.

Maembe ya chini ya mwembe sasa dada anayakamua na kuyaweka kwenye jagi. Dogo anakunywa, ingawa bado anadai mrija. Mrija nimemnunulia.

Haya wazazi wenzangu, na akina anko kama mimi mnaonunua TV mkaondoka zenu, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.