Mama wa Kambo wa Kwenye Filamu na Yule wa Nyumbani Kwetu

  

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita walikuja mbele yetu mume na mke kutaka suluhu. Mume alifiwa na mkewe wa kwanza akaachiwa binti mdogo, kisha akaoa tena. Ugomvi ulianzia jikoni. Binti alikataa kula chochote kilichopikwa na mama yake wa kambo. Akinunuliwa maandazi dukani, alikula. Akipakuliwa wali wa nyumbani, alisukuma sahani. Baba akaingiwa na shaka, bibi akaongeza maneno, na mke akachoka akaomba talaka yake.

Tulimwuliza mtoto kwa upole kama amewahi kupigwa au kunyimwa chakula. Akasema hapana. Kwa nini basi hali? Akajibu kwamba mama wa kambo hutia sumu katika chakula, na kwamba yeye mwenyewe ameona. Ameona wapi? Kwenye filamu.

Hatukucheka. Ndoa ilikuwa inakaribia kuvunjika, na mwanamke asiye na hatia alikuwa amekwishahukumiwa na shahidi ambaye hakuna kadhi angeupokea ushahidi wake: kioo cha televisheni.

Tukitazama nyuma tunaona jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 1992 ilitoka Nigeria filamu ya Living in Bondage, inayomwonesha mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Soko la kanda za video likapanuka, na filamu za Nigeria zikafika hadi kwetu Afrika Mashariki. Hapa Tanzania, mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend, moja ya zile zilizofungua njia ya filamu tunazoziita Bongo muvi. Zilitazamwa sebuleni na katika vibanda umiza, na leo zimo katika simu za watoto wetu. Kuwa na filamu zinazosema lugha yetu si jambo la kubeza.

Lakini mwenye kuzitazama kwa makini atawatambua wahusika wale wale wakirudi kwa majina mapya. Yuko mama wa kambo mkatili. Yuko mama mkwe anayekwenda kwa mganga. Yuko msichana wa mjini anayefuata fedha, na yuko mke mwema ambaye wema wake wote ni kulia na kunyamaza. Upande wa wanaume yuko tajiri mwenye gari anayenunua mapenzi, na yuko mume ambaye uume wake hupimwa kwa ukali wa sauti na wepesi wa kofi.

Hatusemi kwamba watu wa namna hii hawapo duniani. Wapo. Tatizo ni sura moja kurudiwa mara elfu mpaka ikawa ndiyo hukumu ya jinsia nzima. Mtazamaji akikutana na mwanamke aliyeolewa na mjane mwenye watoto, hamwoni yeye. Anaiona ile sura.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kuutambua uchungu huu, kwa kuwa tumeuonja. Mwaka 1921 Marekani ilitoa filamu ya The Sheik, ambamo Rudolph Valentino aliigiza sheikh wa jangwani anayemteka mwanamke wa Kiingereza. Mwishoni mtazamaji hutulizwa kwa kuambiwa kwamba shujaa huyo kwa nasaba si Mwarabu, bali ana asili ya Ulaya. Mwaka 2001 mtafiti Jack Shaheen alichapisha kitabu kilichopitia filamu zaidi ya 900 za Hollywood, akaonesha kwamba zilizomwonesha Mwarabu kwa wema ni chache mno. Mwanamume wa Kiarabu alikuwa mtekaji au gaidi; mwanamke alikuwa mcheza ngoma wa kasri au kivuli cheusi kisicho na sauti. Tuliposikia hayo tulikasirika, na hasira ile ilikuwa ya haki. Je, ni haki gani tunayoidai kwa Hollywood kisha tukawanyima dada zetu katika filamu zetu?

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, Allah (S.W.) anawakataza wanaume wasiwadharau wanaume wengine, kisha anawataja wanawake peke yao na kuwakataza vivyo hivyo, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Akakataza pia kuitana kwa majina ya kejeli. Aya inayofuata ikakataza dhana mbaya. Sura ya mama wa kambo mwenye sumu ni dhana mbaya iliyovishwa nguo na kuwekewa muziki.

Tazama sasa namna Qur'ani inavyosimulia. Katika Surat at-Tahrim, wake wa Nabii Nuh na Nabii Lut wanatolewa mfano kwa waliokufuru, na mke wa Firauni pamoja na Maryam wanatolewa mfano kwa walioamini, wanaume na wanawake kwa pamoja. Katika Surat an-Naml, malkia wa Sabaa anawashauri wakuu wake. Wao wanajisifu kwa nguvu za vita, yeye anaona mbali zaidi yao. Katika Surat al-Qasas, mmoja wa mabinti wawili anamjia Nabii Musa akitembea kwa haya, na mmoja wao anampa baba yao ushauri wa busara wa kumwajiri. Haya na akili vimekaa nyumba moja. Mke wa Mheshimiwa wa Misri naye yumo, lakini hakufanywa kuwa ndiye wanawake wote.

Kuhusu mama wa kambo, tunayo historia bora kuliko filamu yoyote. Baada ya kufariki Bi Khadija (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimwoa Bi Sawda bint Zam'a (R.A.), naye akaingia katika nyumba yenye mabinti wa Bi Khadija na kuwa mlezi wao. Kwa nini watoto wetu wamjue yule mtia sumu, na huyu wasimjue?

Na mwanamume je? Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi kwa kifo cha mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa na sahaba wake aliyestaajabu, alieleza kuwa hayo ni rehma. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alipokuwa nyumbani alishughulika na kazi za ahli zake. Kijana anayefundishwa na filamu kwamba mwanamume halii wala hagusi sufuria, ajiulize anamfuata nani.

Wapo watakaosema: filamu ni upuuzi, tuziache. Tunaheshimu tahadhari yao, na yaliyo haramu katika filamu yanabaki kuwa haramu. Lakini zimekwisha ingia majumbani, na kunyamaza kwetu hakuzitoi. Tena tuseme ukweli: hata sisi wenye mimbari tumewahi kumtaja mwanamke kwa jina la fitna tu, tukamsahau Bi Ummu Salama (R.A.), ambaye siku ya Hudaybiya rai yake ilimwondolea Mtume (S.A.W.) mazito. Tusimcheke mtunzi wa filamu kwa kosa tunalolifanya Ijumaa.

Filamu inaweza pia kusema haki. Zimbabwe ilitoa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, filamu ya Neria, iliyotokana na kisa kilichoandikwa na Tsitsi Dangarembga. Mjane ananyang'anywa mali na shemeji yake, naye hakai akalia tu. Anakwenda mahakamani na kupata haki. Muislamu anayeisoma aya ya 7 ya Surat an-Nisaa, inayothibitisha fungu la wanawake katika mirathi, hatashindwa kuona faida ya kisa kama hicho.

Hivyo tunawausia wazazi: msiwaache watoto peke yao mbele ya kioo. Kaeni nao, muwaulize: Je, mama mdogo wako yuko hivi? Shangazi yako yuko hivi? Vijana wetu wenye vipaji vya kuandika na kuigiza nao wajue kwamba kalamu na kamera ni amana, na kila amana ina hesabu yake.

Ama ndoa ile, alhamdulillah, haikuvunjika. Lakini ilimbidi binti asimame jikoni siku nyingi pamoja na mama yake wa kambo, akichambua mchele na kuonja mchuzi kwa mkono wake, ndipo sura ya kwenye kioo ilipoanza kufutika. Iliingia kwa saa mbili. Kuitoa kulichukua miezi.

Allah (S.W.) atuepushe na dhana mbaya, na azitie mapenzi na rehma nyumba zetu. Amin. Wabillahi Tawfiq.