Majina ya Mahali na Programu-jalizi za Lahajedwali

Yamkini msomaji wa kurasa hizi atashangaa kumwona mtu wa isimu akiandika juu ya hesabu za biashara. Sababu yake ni hii. Mwaka jana nilipokuwa Kwamndolwa, katika mji wa Korogwe, ndugu yangu mmoja anunuaye mahindi kwa wakulima wa Korogwe na Handeni alinijia na kompyuta yake, akalalamika kwamba lahajedwali yake ya Excel inasema uwongo. Jumla ya kilo za kila mahali haikupatana na stakabadhi za ghalani, na wakulima walikuwa wakingoja malipo yao ya mwisho. Alikuwa amekwisha kuweka programu-jalizi tatu, na kila moja ilimpa jibu lake. Alitaka nimchagulie ya nne. Nilipozitazama karatasi zake niliona kwamba ugonjwa haukuwa wa hesabu, bali wa majina.

Kwanza tuyaeleze maneno yenyewe. Lahajedwali ni laha na jedwali pamoja, yaani karatasi iliyogawanywa visanduku kwa mistari na safu. Ama programu-jalizi ni programu ndogo inayoongezwa katika ile kubwa, na jina lake latokana na kitenzi kujaliza, ndiyo kutimiliza kilichopungua. Asiyejua kilichopungua hawezi kujua cha kujaliza. Basi swali la kwanza la mwenye kuchagua lisiwe "Ipi iliyo bora?", bali "Kazi gani inayonishinda?"

Aghalabu kazi hizo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya takwimu, kama kutafuta wastani, au kupima jinsi bei inavyofuatana na wingi wa mahindi. Hiyo hufanywa na Analysis ToolPak. Ya pili ni kutafuta mpango ulio bora, mathalan lori lipite wapi ili gharama ipungue. Hiyo ni kazi ya Solver. Zote mbili huja pamoja na Excel ya kompyuta ya mezani, ila hulala mpaka mwenyewe aziamshe. Ya tatu ni kukusanya habari za vyanzo vingi na kuzisafisha, nayo ni kazi ya Power Query, ambayo kwa Excel ya 2010 na ya 2013 ilichukuliwa kando, lakini tangu toleo la 2016 imo ndani. Kwa hiyo watu wengi huhangaika kutafuta nje kitu walicho nacho nyumbani.

Kuna tofauti moja ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Majibu mengi ya Analysis ToolPak hayabadiliki: ukirekebisha uzito wa gunia moja baadaye, jibu la zamani hubaki pale pale mpaka uifanye kazi upya. Power Query, kwa upande wake, huweka orodha ya kila hatua iliyopitiwa, nawe ukiiamuru ianze tena huzirudia hatua zile zile juu ya habari mpya. Kwa hesabu ambazo mtu mwingine atataka kuzikagua, chombo kinachoonyesha njia yake ni bora kuliko kinachotoa jibu tu.

Sasa tuyarudie majina. Katika karatasi za ndugu yangu mahali pamoja paliandikwa Kwamndolwa, na Kwa Mndolwa, na Kwamdolwa, na mara nyingine Kwamndolwa yenye nafasi tupu mwishoni isiyoonekana kwa macho. Kwetu sisi hapo ni pamoja. Kwa mashine ni mahali pane. Wala si uzembe wa mwandishi peke yake. Majina mengi ya upande huo huanza kwa kiambishi cha mahali, kama Kwamatuku, Kwaluguru na Kwedizinga, na asikiaye "kwa" huona ni neno zima, akaliandika mbali. Tena "m" na "n" zikifuatana kabla ya "d", sikio la mgeni husikia moja tu.

Power Query yaweza kulinganisha majina yanayofanana bila kuwa sawasawa. Hutumia kipimo cha toka 0 mpaka 1, na usipokigusa huwa 0.80. Ukikikaza mno, Kwa Mndolwa na Kwamndolwa huenda zikabaki mbali. Ukikilegeza mno, Ndolwa nayo huenda ikaingizwa, na Ndolwa ni kata nyingine kabisa, ya Handeni. Zaidi ya hayo, Kwamsisi iko Korogwe na iko Handeni pia, herufi kwa herufi. Hapo hakuna kipimo kitakachofaa. Lazima iwepo safu ya wilaya. Dawa ni kutengeneza jedwali dogo la safu mbili, moja ya jina kama lilivyoandikwa na moja ya jina lililokubaliwa, kisha kuipa programu ilifuate. Na mtengenezaji wake awe mtu anayeijua nchi.

Makosa mengine hayapigi kelele. Kisanduku kilichoandikwa "kilo 90" si namba bali ni maneno, na kanuni ya kujumlisha hukiruka kimya kimya. Analysis ToolPak hufanya vizuri zaidi, kwa maana hukataa kazi na kueleza kwamba kuna kisicho namba. Hali kadhalika shamba lililoandikwa 3/5 hugeuzwa kuwa tarehe. Hata wataalamu wa elimu ya viumbe yamewapata haya: jeni iliyoitwa MARCH1 iligeuzwa kuwa tarehe 1 Machi mara nyingi, hata mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikatangaza kanuni mpya, na jeni hiyo sasa huitwa MARCHF1.

Ikiwa programu-jalizi yenyewe imetoweka au haifanyi kazi, fuata taratibu hizi. Tazama orodha ya "Add-ins" katika mipangilio. Excel ikizimika ghafula huweza kuitia programu katika fungu la "Disabled Items", nayo hapo hukaa mpaka itolewe. Kama faili imetoka katika intaneti, kumbuka kwamba tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro za faili za namna hiyo. Usiifungulie isipokuwa unamjua aliyeitunga. Angalia pia kama Excel yako ni ya biti 32 au 64, maana programu-jalizi nyingine hupatana na moja tu. Kisha zizime zote, uziwashe moja moja, mpaka ile yenye kosa ijulikane. Na kabla ya kuiamini yoyote, ipe mistari kumi ambayo jibu lake umelipata kwa kalamu.

Tulikaa siku mbili na ndugu yangu tukilitengeneza jedwali la majina, pamoja na karani mmoja mzaliwa wa Handeni. Jumla zikapatana. Tuligundua kwamba wakulima wawili wa Ndolwa walikuwa wamehesabiwa Kwamndolwa, na fedha yao ilikaribia kulipwa kwa wengine. Hatukuongeza programu yoyote, bali tuliondoa mbili.

Ningependa kupendekeza kwamba wanafunzi wetu wa isimu, kila mmoja katika wilaya yake, wakusanye majina ya vijiji na vitongoji pamoja na tahajia zake zote zitumikazo. Kazi hiyo ingewafaa wachunguzi wa lugha, na ingewafaa wanunuzi wa mahindi pia.